Duke wa kwanza alikosa mrithi wa kiume, Blenheim ikabakije kwenye ukoo?

SWALI: Mhariri salamu. Nasoma kila mahali kwamba Winston Churchill alizaliwa kwenye jumba la Blenheim la kina Duke wa Marlborough, sasa mbona Duke wa kwanza, yule jemadari, hakuacha mtoto wa kiume? Ukoo uliendeleaje, na Winston mwenyewe alikuwa Duke?

JIBU: Swali zuri sana ndugu yangu, maana wengi wakitaja ukoo huu wanaishia kwa majemadari, wakati ukifuatilia vizuri unakuta kila ulipoyumba aliyeushika ni mwanamke.

Tuanze na jemadari mwenyewe, John Churchill. Tarehe 13 Agosti 1704 yeye na Prince Eugene wa Savoy waliwapiga Wafaransa na Wabavaria pale Blenheim, kijiji cha kando ya mto Danube, hadi jemadari wa Kifaransa, Tallard, akachukuliwa mateka. Vita ndo inaisha, Churchill akachukua bili ya baa, akaandika kwa penseli nyuma yake kwamba jeshi la Malkia limepata ushindi mkubwa. Angalia sasa hiyo karatasi alimwandikia nani: mkewe Sarah, ili Sarah ndo amwambie Malkia Anne, kwa sababu Sarah alikuwa mtu wa karibu mno na Malkia.

Zawadi yake ikawa ardhi ya kifalme ya Woodstock, Oxfordshire, na ahadi ya kujengewa jumba, ndo hilo likaitwa Blenheim kama ile vita. Kodi ya pale hadi leo ni bendera moja tu kwa mwaka, yenye maua ya wafalme wa Ufaransa, inapelekwa Windsor kila Agosti.

Sasa urithi. Kijana wao alikufa kwa ndui 1703, wakabaki na mabinti, basi Bunge likapitisha sheria 1706 kwamba binti anaweza kurithi cheo. Baba alipofariki 1722 binti mkubwa, Henrietta, akawa Duchess kwa haki yake mwenyewe, na yeye mtoto wake wa kiume akamtangulia kufa, kwa hiyo 1733 cheo kikaenda kwa Charles Spencer, mtoto wa mdogo wake Anne. Ndo maana kwa upande wa baba hawa wa leo ni kina Spencer, jina la Churchill walilirudisha rasmi 1817.

Na jumba lenyewe? Sarah aligombana na Malkia, hela za serikali zikakata 1712, hatimaye ujenzi ukamalizwa kwa pesa ya familia na Sarah akawa anasimamia kila kitu. Alikuwa mkali huyo mama! Msanifu wa jumba, Vanbrugh, alipokuja 1725 kuangalia kazi yake alizuiwa hata kuingia kwenye uwanja, na mimi naona hapo Sarah alimwonea kabisa.

Mwisho wa karne ya 19 ukoo ulikuwa umeishiwa, ukauza vitabu na picha za thamani, halafu 1895 Duke wa 9 akamuoa Consuelo Vanderbilt, binti wa tajiri wa reli Marekani, aliyekuja na hisa za dola milioni 2.5. Ndoa hiyo mama yake alimlazimisha, alikiri mwenyewe baadaye ilipofutwa 1926, na mimi naumia sana kwamba paa la Blenheim lilitengenezwa kwa machozi ya binti wa miaka 18.

Winston hakuwahi kuwa Duke, baba yake Randolph hakuwa mtoto wa kwanza. Ila aliukaribia sana! Randolph alikufa Januari 1895, binamu ya Winston, yule Duke wa 9, hana mtoto, kwa hiyo Winston ndo akawa wa kwanza kwenye foleni mpaka Consuelo alipojifungua mtoto wa kiume 1897. Kama Consuelo asingezaa mtoto wa kiume, Duke wa 9 alipofariki 1934 cheo kingemwangukia Winston, angetolewa kwenye Bunge la kuchaguliwa akakae na mabwana wenzake wa House of Lords, na sijui 1940 nani angempa uwaziri mkuu akiwa kule.