Hitisinki Imekataa Kukaa? Usiguse Madabodi kwa Keekee

Maswali mengi ya wiki hii ni ya chipseti kuchemka, ile chipu ya ubao mkuu wa kompyuta (madabodi) inayopozwa kwa feni au kwa chuma chenye mapezi (hitisinki), na karibu yote hayasemi madabodi ni ya aina gani. Ni sawa na kuniuliza bei ya samaki bila kusema kama ni ngege au omena. Nimejibu yale yaliyojibika.

Fundi, feni ndogo ya chipseti imekufa. Nimepata hitisinki kubwa ya mtumba Kibuye lakini matundu hayalingani. Nitoboe madabodi? (Nyalenda, Kisumu)

Usithubutu. Ndani ya ubao ule kuna matabaka ya njia za shaba usizoziona, na keekee haina macho. Kinachotobolewa ni hitisinki, au bapa la alumini utakalolipitisha juu yake kuishikilia.

Anza na vipimo, tena visiwe vya kukisia. Kama matundu ni ya ukubwa mmoja, pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu hili hadi ukingo wa kushoto wa lile. Huo ndio umbali wa katikati hadi katikati. Kata kadibodi ya boksi la sabuni kwa kipimo hicho, itoboe, ilaze mahali pake uone inagusa kapasita gani, vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye ubao. Hapo hapo chomeka kadi ya grafiki, kwa sababu chipseti nyingi hukaa chini yake. Nimemwona kijana akipiga tupa kutwa nzima, jioni kadi ikakosa pa kuingia.

Hitisinki ya zamani usiibandue kwa bisibisi. Washa mashine dakika kumi pesti, ile krimu ya kupitisha joto kati ya chipu na hitisinki, ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, kisha uizungushe kidogo kidogo kushoto na kulia hadi iachie. Kutoboa na kupiga tupa ni kazi ya nje, mbali na madabodi: chembe za alumini hupitisha umeme.

Kufunga, tumia skurubu za milimita 3, washa za plastiki juu na chini ya ubao, na springi. Springi za kalamu ya kubofya zinatosha kwa hitisinki nyepesi. Kaza huku nusu mzunguko, kule nusu mzunguko. Chipu isiyo na kifuniko cha chuma hupasuka pembe ukimaliza upande mmoja kwanza. Mimi nilipasua ya mteja. Nilisikia "tik", kama ukucha unaokatwa, na mashine haikuwaka tena. Nikamnunulia madabodi nyingine.

Ukishafunga, fungua tena uangalie alama ya pesti. Ikiwa imebanwa upande mmoja tu, hitisinki imeinama. Futa kwa spiriti, paka upya, rudia.

Naweza kubandika hitisinki kwa supaglu? (Bondo)

Hapana.

Na dawa ya meno badala ya pesti? (Bondo, huyo huyo)

Dawa ya meno ina maji. Yakikauka unabaki na chokaa kati ya chipu na chuma. Dada, pesti ni bei ya chakula cha mchana. Madabodi si hivyo.

Feni niliyofunga inapiga kelele. Naambiwa niihamishie volti 5. Waya mwekundu na mwekundu? (Milimani, Nakuru)

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kwenye feni, mwekundu ndio chanya na mweusi ni hasi. Kwenye ile plagi ya pini nne ya pawasaplai (boksi la umeme la kompyuta), njano ni volti 12 na nyekundu ni volti 5. Kwa hiyo ndiyo, mwekundu kwa mwekundu itazunguka polepole na kunyamaza, mradi uhakikishe inaanza yenyewe kila unapowasha. Waya wa tatu wa feni hupeleka habari ya mwendo tu. Ukiukata, baadhi ya madabodi zitalalamika kwamba feni imekufa. Lakini feni ya mtumba inayokwaruza haina wiki nyingi. Nunua mpya.

Madabodi yangu ya X570 ina feni kwenye chipseti. Niitoe niweke hitisinki tupu? (Eldoret)

Ya nini? Chipseti hiyo ya mwaka 2019 hula takriban wati 11, na waliounda ubao waliweka feni kwa hesabu zao. Kama hitisinki yako ni kubwa na kasha linapitisha hewa, itawezekana. Kama kelele ndiyo inayokusumbua, punguza mwendo wa feni kwenye mipangilio ya madabodi kwanza. Haigharimu kitu.

Nina saibakafe Dunga. Mashine zinachemka usiku, mchana ziko sawa. Niongeze feni? (Kisumu)

Mama, mashine ziko chini ya taa, karibu na dirisha? Basi fungua moja. Wadudu wa ziwani hufuata taa, feni inawavuta, na wakifia kati ya mapezi ya hitisinki wanakuwa kama blanketi. Ukiongeza feni utavuta wengi zaidi. Weka wavu dirishani, sogeza meza, na safisha kwa brashi ya rangi iliyo kavu huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke.

Kompyuta inachemka. Shida ni nini? (Kakamega)

Ngege au omena?