Daraja la II si divisheni ya pili

Salama mkuu. Umekwama kwenye tangazo la kazi ya "Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II, TGS C" huko Kasulu, ukidhani wanataka divisheni ya pili ya kidato cha nne. Hapana. Hilo ni daraja la cheo, la kuanzia kazi. Kada nyingine huanzia la III, kama Mtendaji wa Kijiji. TGS ni ngazi ya mshahara serikalini, C ndiyo kundi lake.

Anza kusoma "sifa za mwombaji", ndizo zinazochuja watu. Wakisema hati ya matokeo haikubaliwi, usiipandishe kwenye mfumo wa maombi. Weka cheti chenyewe. Majina yakipishana kwenye vyeti, andaa mapema hati ya kisheria ya kuthibitisha majina.

Na "kanzidata" kwenye ujumbe wao wa matokeo ya usaili ni orodha ya wanaosubiri nafasi: umefaulu usaili, nafasi hazikutosha. Hujapangiwa kituo bado, endelea kuomba kwingine.