Kwa anayeanza utafiti wa kuotesha seli za kusikia: tazama kwanza umri wa panya

Ukisoma makala inayodai kuotesha upya seli za nywele za sikio la ndani, yaani seli zinazonasa sauti, kabla ya kutazama picha tafuta umri wa panya waliotumika. Panya huzaliwa kiziwi na huanza kusikia akiwa na siku kama 12. Katika siku zake za mwanzo, seli saidizi zinazozunguka seli za nywele bado zinaweza kugawanyika au kugeuka kuwa seli za nywele. Baada ya hapo uwezo huo hufifia haraka. Binadamu huanza kusikia angali tumboni. Kwa hiyo panya wa siku mbili hakuambii mengi kuhusu fundi wa miaka 60 aliyeharibiwa masikio na kelele za mashine, wala kuhusu mgonjwa wa kifua kikuu sugu aliyepoteza usikivu kwa sindano za kanamaisini.

Tofauti hiyo utaiona mikononi mwako. Koklea, sehemu ya sikio la ndani yenye seli hizi, ni laini kwa panya mchanga; unaifungua kwa kibano. Ya panya mzima ni mfupa mtupu: utailoweka kwenye EDTA, kemikali inayotoa kalsiamu kwenye mfupa, mpaka ilainike, na bado utepe wa seli utakukatikia. Ndiyo maana wengi hukimbilia wachanga. Jizoeze wakubwa mapema, hata kama mwanzoni kila kipande kinaharibika.

Tangu 1988 tunajua kwamba ndege hurejesha seli hizi wenyewe; kifaranga aliyepigwa kelele husikia tena. Hilo ndilo linalotupa matumaini, nami nayaamini. Lakini usiridhike na seli inayong'aa chini ya hadubini. Ukiamsha jeni ya Atoh1 katika seli saidizi, inaweza kuanza kutoa protini za seli ya nywele. Je, vinyweleo vyake vimejipanga? Imeungana na neva? Ni ya safu ya ndani, inayopeleka habari kwenye ubongo, au ya safu tatu za nje, zinazokuza mtetemo? Na mnyama mwenyewe anasikia?

Kwa watu ni vigumu zaidi. Mwaka 2021, katika jaribio la FX-322, dawa iliyokusudiwa kuotesha seli hizi, ya kampuni ya Marekani ya Frequency Therapeutics, hata waliodungwa sindano isiyo na dawa walionekana kupata nafuu. Mtu anayetamani kukubaliwa kwenye jaribio anaweza kupata alama za chini kwenye kipimo cha kwanza, hata bila kukusudia. Jaribio lililofuata lilipima mara kadhaa kabla ya sindano, na Februari 2023 dawa haikuonyesha tofauti. Kabla ya kugusa dawa yoyote, tumia muda mrefu kwenye vipimo vya mwanzo.

Ndugu watakutumia habari za watoto waliosikia baada ya tiba ya jeni ya OTOF. Waeleze kwa upole kwamba seli za nywele za watoto hao zilikuwa hai, zilikosa protini moja tu, otofelini. Aliyepoteza seli zenyewe bado hana tiba hiyo, na asiache kutumia kifaa chake cha kusikia akiisubiri.