Barua kwa mwanangu: eti sisi Wakatanga ndo tulimuua Lumumba?

Mwanangu,

Mesaji yako nimeiona. Unasema huko Bruxelles jamaa wa Kinshasa kakwambia mbele za watu kwamba sisi Wakatanga, watu wa jimbo la Katanga kusini mwa Congo, ndo tulimuua Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, ukakosa la kujibu, sasa unaniuliza mama ni kweli?

Kuuawa aliuawa huku kwetu, hilo hatukatai. Tarehe 17 Januari 1961 aliletwa na ndege pamoja na wenzake wa siasa, Mpolo na Okito, walipigwa humo ndani njiani, wakashushwa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, na usiku uleule wakapigwa risasi porini, Tshombe, mkuu wa Katanga iliyojitenga, na waziri wake Munongo wamesimama wanaangalia. Hao Wakatanga, sawa. Ila muulize huyo jamaa, ndege ilitoka wapi? Lumumba alikuwa mfungwa wa jeshi la Mobutu kwenye kambi ya Thysville, na waliomtuma kwa adui yake Tshombe ni wakubwa wa Léopoldville wenyewe, ndo Kinshasa ya leo, na waziri wa Ubelgiji alishatuma telegramu kusukuma aletwe Katanga. Aliyeamuru wapiga risasi ni ofisa Mbelgiji, na polisi aliyeyeyusha maiti kwa asidi Mbelgiji pia, ndo maana jino la Lumumba, ambalo polisi huyo alibaki nalo, lilirudishwa kutoka huko huko uliko, mwaka 2022.

Halafu Wakatanga gani? Kwenye uchaguzi wa 1960 chama cha Tshombe, Conakat, na kundi la chama cha Waluba, Balubakat la Sendwe, walikaribiana sana kwa viti vya jimbo, na Tshombe alipoitenga Katanga na Congo tarehe 11 Julai Waluba wa kaskazini walikataa katakata wakapigana na jandarmu zake, yaani askari wake, vijiji vikachomwa. Tshombe mwenyewe asingefika mbali bila Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba, kodi ya shaba badala ya kwenda Léopoldville ikaingia kwake, akalipa nayo mamluki.

Kinachonikera ni kwamba tarehe 13 Februari Munongo alitangaza eti Lumumba katoroka na wanakijiji ndo wamemuua, na jina la kijiji hakulitaja! Mzigo wakatupiwa watu wa shamba ambao hata hawajui. Huyo jamaa yako anarudia uongo wa Munongo bila kujua, ila yeye kaupanua umekuwa wa jimbo zima. Na Mobutu, 1966, akamtangaza Lumumba shujaa wa taifa, bila aibu.

Mwambie hivo kwa upole, usigombane na watu kazini. Ukija likizo tutaenda Shilatembo, ni njia ya Likasi, uone mwenyewe pale walipouawa.

Mama yako