Valvu ya usalama ya boila inavuja: usiikaze

Ndugu, umeuliza kama unaweza kukaza springi ya valvu ya usalama ili boila iache kuvujisha mvuke. Tafadhali usiiguse. Springi hiyo ndiyo inayoshikilia kizibo; presha ikifika kiwango kilichowekwa, mvuke hukisukuma na kutoka nje, presha ikishuka kinajifunga chenyewe. Ukiikaza, kizibo hakitafunguka kwa wakati, na presha ikizidi kitakachopasuka ni boila. Hapo maji yaliyozidi nyuzi 100 huanza kugeuka mvuke ghafla, na lita moja ya maji hutoa lita 1,600 hivi za mvuke. Ni mlipuko huo unaobomoa kuta na kuua watu.

Mara nyingi uvujaji huo ni uchafu tu uliokwama chini ya kizibo. Zimeni moto, acheni presha ishuke, mwiteni fundi aliyeidhinishwa aisafishe, aipime, aipige lakiri (muhuri wa kuzuia isichezewe). Wala msifunge koki yoyote kati ya boila na valvu.