Simu inachaji tu, kompyuta haioni mafaili

Ndugu, umesema ukiichomeka simu yako ya Android kwenye kompyuta inachaji tu, mafaili hayaonekani. Kwanza ifungue loki. Ikiwa imejifunga, kompyuta huonyesha folda tupu. Kisha vuta arifa kutoka juu ya skrini, gusa ule ujumbe wa kuchaji kupitia USB, uchague kuhamisha mafaili. Hapo ndipo wengi hukwama. Ujumbe usipotokea kabisa, shuku waya: baadhi ya nyaya zina nyuzi mbili za umeme tu, hazina zile za data. Jaribu mwingine.

Picha ulizopiga kwa kamera ya simu zimo kwenye folda ya DCIM. Nakili kwanza, hakikisha zinafunguka, ndipo ufute. Waya ukichomoka katikati ya kunakili, faili linaweza kuharibika. Na video inayozidi GB 4 haiingii kwenye memori kadi ya FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye kadi), hata nafasi iwe tele.