Maswali ya wasomaji: Kujenga maktaba kwa matofali ya Lego

SWALI: Mhariri, salamu. Nafundisha shule ya msingi hapa Tudor, na wanafunzi wangu wanataka kutengeneza mfano wa maktaba yetu kwa matofali ya Lego. Jengo lina sehemu ya chini na ya juu. Urefu wake ni mita 24, kina mita 15, na kimo hadi chini ya paa mita 7.5. Mbele kuna varanda yenye matao. Tuanzie wapi, na tununue vipande vingapi?
*Mwalimu, Tudor*

JIBU: Mwalimu, msinunue chochote kwanza. Chukueni tofali moja na rula. Kutoka katikati ya kinundu kimoja (kile kitufe cha juu ya tofali) hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 8. Kimo cha tofali, bila kinundu chake, ni milimita 9.6. Kibamba, yaani kile kipande chembamba, ni milimita 3.2, kwa hivyo vibamba vitatu hulingana na tofali moja. Wengi huharibu hapa: huchora ukuta kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja tofali moja, kisha jengo likatoka refu kwenda juu kwa asilimia 20 kuliko lilivyo.

Sasa kipimo. Watoto watataka wale watu wadogo wa Lego waingie mlangoni. Mtu huyo ana kimo cha sentimita 4 hivi, na jengo la kumtosha lazima liwe la kati ya 1:40 na 1:48. Kwa 1:48 maktaba yenu itakuwa na urefu wa nusu mita, na kuta peke yake zitakula karibu matofali 800. Sisi tungewashauri mshike 1:100. Sentimita moja ya mfano ni mita moja ya jengo, na hata mtoto asiyependa hesabu ataifuata.

Kwa kipimo hicho, mita 24 ni vinundu 30 kamili. Mita 15 ni vinundu 18.75, chukueni 18, si 19, kwa sababu vibamba vya sakafu kwa kawaida huwa na upana wa 2, 4, 6 au 8, na 19 itawaachia ufa wa kinundu kimoja wa kuzibaziba. Kimo ni tofali 7.8, kwa hivyo kozi 8, yaani safu nane za matofali. Jengo lote linakaa juu ya bamba la msingi la vinundu 32 kwa 32 (nambari ya kipande 3811), na mbele panabaki nafasi ya varanda na kipande cha uwanja.

Varanda ndiyo sura ya jengo, ipeni muda. Tao la 1x4, yaani la upana wa kinundu kimoja na urefu wa vinne (nambari 3659), lina uwazi wa vinundu viwili, sawa na mita 1.6. Pangeni matao saba, jumla vinundu 28, mkiacha kinundu kimoja kila mwisho. Idadi iwe ya witiri: yakiwa sita, nguzo itasimama katikati kabisa mbele ya mlango. Chini ya kila mahali matao mawili yanapokutana wekeni tofali la 1x2, nusu yake ikibeba tao la kushoto na nusu la kulia. Nguzo zikiwa za kozi mbili, mnahitaji 1x2 kumi na mbili, na 1x1 nne za miisho miwili. Juu ya matao pitisheni vibamba virefu vinavyovuka maungio, vishike na ukuta wa nyuma. Bila hivyo safu nzima ya matao huanguka mbele ikiguswa tu.

Hesabu ya ukuta: mzunguko wa 30 kwa 18, kwa unene wa kinundu kimoja, ni vinundu 92 kwa kila kozi. Mara 8 ni 736. Toeni robo kwa madirisha na milango, inabaki 552. Mkichanganya 1x4 na 1x2, wastani wa tofali ni vinundu vitatu, kwa hivyo ni matofali kama 185. Agizeni 210, maana 1x1 na 1x2 hupotea chini ya meza.

Rafu za vitabu msizisahau, ndizo zinazoifanya iwe maktaba na si ofisi. Tofali la 1x2 lenye mifereji ya wima (2877), mbili zikipandana, ni rafu ya karibu mita 2, na ile mifereji huonekana kama migongo ya vitabu. Changanyeni kahawia, nyekundu iliyoiva na kijani. Ili rafu zionekane, sehemu ya juu iwe ya kuinuliwa: kozi ya mwisho ya chini ifunikwe kwa vigae visivyo na vinundu, mkiacha vinundu vinne tu, kimoja kila pembe. Mkiacha vingi, atakayeinua ataondoka na ukuta.

Jambo la mwisho, bamba la msingi ni jembamba na hupinda likiinuliwa upande mmoja. Likazeni juu ya plaiwudi kabla ya kozi ya kwanza.

SWALI: Nimechora jengo langu kwenye Studio, programu ya kompyuta ya kuchora mifano ya Lego, na haikunionyesha kosa lolote. Nilipolijenga, pembe zikafunguka. Programu imenidanganya?
*Mwanafunzi, Kisauni*

JIBU: Haikudanganya, ila haijui mkono wako utabonyeza wapi. Studio itakuonyesha vipande vinavyogongana au vinavyoelea hewani, lakini mkazo wa kidole kinachosukuma kozi ya nane ni habari nyingine. Bila shaka maungio yako yamepangana wima. Fundi yeyote wa nyumba angekwambia ufunge pembe: kozi moja tofali la upande wa mbele lifike mwisho, kozi inayofuata lifike la upande wa ubavuni. Pia tazama kando ya madirisha. Nguzo ya 1x1 nne zilizopandana haina nguvu. Ibadilishe kwa 1x2 zinazoingia ndani ya ukuta kila kozi ya pili, au kipande kimoja kirefu cha wima.

Ukiwa humo kwenye programu, hakiki rangi pia. Si kila kipande kimewahi kutolewa kwa kila rangi, na tao la rangi uliyoichagua huenda halipo kabisa duniani.

SWALI: Nataka madirisha ya mbao kama ya nyumba za Mji wa Kale, yale ya milango miwili iliyofunguliwa nje. Nimeweka matofali mawili yenye kinundu cha ubavuni, moja juu ya jingine, lakini kigae cha 1x2 hakishiki vyote viwili.
*Dada wa Kizingo*

JIBU: Dada, hakitashika. Vinundu vyako vya ubavuni viko umbali wa milimita 9.6, kimo cha tofali, na matundu ya kigae yako umbali wa 8. Tafuta kipande 32952: kina kimo cha vibamba vitano, yaani milimita 16, na vinundu viwili ubavuni vilivyo katika umbali sahihi. Vibamba vitano kwa vinundu viwili ndiyo hesabu ya kila kitu kinacholazwa ubavu, ikariri. Weka kipande hicho kila upande wa uwazi, ubandike kigae cha kahawia (3069), kitatokeza nje kwa milimita 3.2, na kwa milango ya dirisha hilo ni zuri. Kama una roshani juu, ua wa 1x4 wenye nakshi ya matundu (3633) una kimo cha tofali moja. Kwa 1:100 ni sentimita 96, urefu unaofaa kabisa kwa ukingo wa roshani.

SWALI: Mfano wetu mweupe umeanza kuwa manjano. Ni chumvi ya bahari?
*Msomaji, Nyali*

JIBU: Ni jua. Plastiki hiyo ni ABS, na mwanga wa jua huigeuza rangi, hasa nyeupe na kijivu. Uondoeni dirishani. Chumvi na vumbi huoshwa kwa maji ya sabuni yasiyozidi nyuzi 40; msitumie mashine ya kuosha vyombo, na msiukaushe kwa kikausha nywele.

SWALI: Naweza kuchanganya Lego na matofali ya bei rahisi?
*Msomaji, Likoni*

JIBU: Ndiyo, lakini kwa mahali pake. Yatumie kujaza ndani, chini ya sakafu na nyuma ya ukuta. Matao, pembe na kile kiungo cha kuinulia sehemu ya juu yawe ya Lego, kwa kuwa mengi ya bei rahisi hushika kwa nguvu tofauti hata ndani ya pakiti moja. Weupe wake pia haulingani, kwa hivyo kabla ya kufungua pakiti ya pili, weka tofali la kila moja kando kwa kando nje, kwenye mwanga wa mchana.